Swali la Tatu

Mwandiko wangu ni mbaya, nalijua hilo. Herufi zinalala upande mmoja kama zimechoka, na mpaka leo sina hakika wapi inakaa "r" na wapi inakaa "l". Nimeishia darasa la saba, na hata huko nilikuwa mtu wa dawati la nyuma, yule ambaye mwalimu akimuuliza kitu darasa zima hugeuka kutazama kama ana sauti. Ukurasa mmoja hunichukua siku mbili. Atakayepiga chapa nimemwomba anisahihishie maneno, lakini nimemwomba pia asiongeze kitu wala asipunguze. Palipobaki makosa, nisamehe.

Ninaandika kuhusu mjomba wangu na kazi niliyomwondolea. Haikuwa kazi ya mshahara. Ilikuwa kazi ya kusimama mlangoni na kuuliza maswali manne, na ndiyo pekee aliyokuwa nayo.

Kijiji chetu kiko upande wa Madimba. Tunalima mihogo na korosho kama kila mtu. Mjomba ni kaka yake mama, na tunakaa naye ua mmoja tangu alipoanguka kutoka juu ya mkorosho akavunjika mguu wa kulia. Mguu uliungwa vibaya. Shambani anafika, lakini hawezi kubeba mashine ya kupulizia salfa wala kuinama siku nzima kuokota korosho. Kwetu hatusemi mjomba, tunasema njomba, na yeye mwenyewe hutuita sisi watoto njomba vilevile, kwa hiyo mtu akipita nyuma ya ua wetu anaweza kudhani wamo wajomba kumi wanaogombana.

Shule zikifungwa mwezi wa kumi na mbili, wavulana wa umri unaostahili hupelekwa jando. Kambi hujengwa pembeni mwa kijiji kwa miti na majani, na huwa na mlango mmoja tu. Mwanamume yeyote anayetaka kuingia, awe baba wa mtoto, awe mgeni aliyetoka ng'ambo ya Ruvuma, husimamishwa hapo na kuulizwa. Majibu hufundishwa ndani ya kambi na hayafundishwi mahali pengine. Aliyepita jando anayo. Asiyekuwa nayo anarudi alikotoka, hata kama amekuja na pikipiki mpya.

Muulizaji alikuwa mjomba. Kabla yake alikuwa mjomba wake, na kabla ya hapo mjomba wa huyo. Hakuna mahali palipoandikwa maswali hayo. Matatu kati ya manne ni mafupi, ila la tatu ndilo refu, na jibu lake ni refu zaidi. Wanaume wengi hujikwaa hapo, kwa sababu wanalihitaji mara moja kwa miaka kadhaa. Mjomba akiona mtu ameanza vizuri kisha amekwama, humpa neno la kuanzia, naye humalizia kwa kufuata midomo yake. Nilimwona akiwafanyia hivyo watu wazima wenye mvi. Hakuwacheka. Lakini mwalimu wangu wa darasa la sita, mtu wa bara, alipokuja na suruali yake iliyopigwa pasi akidai anataka kukagua afya za wanafunzi wake, mjomba alimuuliza swali la kwanza tu, akasubiri, kisha akamwambia, "Mwalimu, leo umefeli. Kaa nje, utarudia darasa."

Kijiji kizima kilicheka mwezi mzima. Mwalimu mwenyewe alicheka.

Kwa sababu ya mlango ule, mtu mwenye mguu mbovu, asiyejua kusoma, alikuwa akiamkiwa kwanza njiani. Vijana walishuka kwenye baiskeli wakimwona.

Maswali hayo sitayaandika hapa, wala majibu yake. Msomaji atavumilia. Nimeshayaandika mara moja na yamenitosha.

Mimi nilipita mlango ule nikiwa na miaka kumi. Nilikuwa mwoga wa kuongea kuliko wa kisu. Siku ya kutoka, kila mtoto hujibu yote manne mbele ya wanaume, na ilipofika zamu yangu sauti haikutoka. Mjomba aliinama, akaweka sikio lake karibu na mdomo wangu, nikamnong'oneza. Akanyooka akasema kwa sauti, "Kayajibu yote." Hakuna aliyesikia nilichomwambia ila yeye. Hata mimi sina hakika kama nililijibu la tatu sawasawa.

Nilipokua nilipenda kitu kimoja ambacho wenzangu hawakukipenda. Sokoni kuna banda la kuonyeshea video, lile tunaloita banda umiza, na wenzangu waliingia kwa ajili ya mpira na ngumi. Mimi niliingia siku za filamu za wakati ujao, zile ambazo msemaji hutafsiri juu ya sauti za wahusika na kuongeza matusi yake. Sikupenda mapigano wala vyombo vinavyoruka. Nilipenda siri. Katika filamu hizo kuna kitu kidogo kila mara, kadi au chembe ya chuma inayotosha chini ya kucha, na ndani yake kuna habari ambazo zikitoka mji utaangamia. Anayekilinda kitu hicho analindwa na milango inayosoma macho, milango inayosoma damu, milango inayotaka neno. Mwizi anaingia. Wanakimbizana. Mwisho shujaa anakivunja kile kitu kwa jiwe au anakitupa motoni, na siri imekufa, na watu wanarudi nyumbani kwao.

Nilikuwa nikitoka pale kichwa kimejaa. Nilitembea peke yangu nikijiuliza kuhusu milango ile, nani aliiambia neno lake, na yeye akifa inakuwaje.

Kisha nikapata kibarua cha kufyeka majani kando ya uzio wa mtambo wa gesi. Siku nyingi tulikuwa nje ya uzio, lakini mara chache tuliingizwa ndani kufyeka ukingo wa ndani, na siku hizo tulipanga mstari getini. Unaacha simu, unavaa kadi yenye namba, unaandikwa. Kuna ubao wenye picha ya kamera iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Mlinzi wa pale alikuwa mtu wa maneno.

"Simu?"

"Sina."

"Kijana mzima huna simu?"

"Sina."

"Basi acha kichwa. Kiweke hapo mezani, utakipitia jioni. Si ndicho kitu pekee ulichokuja nacho?"

Wenzangu walicheka, nami nilitazama chini nikitabasamu. Lakini maneno yake yalinikaa. Ndani ya uzio nilikata majani nikiwaza kwamba geti lile na mlango wa mjomba ni kitu kimoja. Tofauti ni kwamba geti lilikuwa na vyuma, taa na watu sita, na mlango wa mjomba ulikuwa na mjomba.

Siku ya mapumziko nilikwenda Mtwara mjini, kwenye duka la mzee mmoja wa Kihindi anayeuza madaftari, nikanunua kauntabuku. Aliniuliza kama ni ya mwanangu. Nilisema ndiyo, kuliko kueleza.

Nilianza kuandika hadithi. Mji wangu ulikuwa chini ya bahari, mbele ya mdomo wa Ruvuma, miaka mingi baada ya sisi wote kufa. Watu wa mji huo hawakuweza kusahauliwa. Kila jambo la mtu, ugonjwa wake, hofu yake, aliyempenda na hakumwambia, lilihifadhiwa katika chumba kimoja chenye maji ya mwanga, na wakubwa wa mji waliingia humo wakati wowote kusoma wanachotaka. Binti mmoja alitaka kuingia afute habari za mama yake. Mlangoni palikuwa na mashine isiyokuwa na macho wala mikono. Ilikuwa na sauti tu. Iliuliza, na ukikosea ilifunga.

Hapo nilikwama wiki mbili. Nilijaribu kubuni maswali ya mashine na yote yalikuwa mepesi. Namba yako ya siri ni ngapi. Jina la bibi yako ni nani. Nilikuwa nayasoma na kuona aibu, kwa sababu mlango kama huo hata mimi ningeuingia. Nilitaka maswali ambayo mtu akiyasoma ahisi ubaridi mgongoni, ahisi kwamba yameulizwa na watu waliokufa zamani. Na maswali ya namna hiyo niliyajua. Nilikuwa nayo manne.

Niliyageuza kutoka Kimakonde kwenda Kiswahili. Nilijiambia kwamba atakayeyasoma atadhani nimeyabuni. Mjini kwangu kulikuwa na samaki wanaosoma na nyumba za kioo, sasa ndani ya uongo mwingi kiasi hicho nani angetafuta kitu cha kweli? Niliona nimepata mahali pa kuficha pazuri kuliko chumba cha maji ya mwanga. Na ukweli mwingine ni huu: nilifurahi. Kwa mara ya kwanza hadithi ilikuwa na uzito.

Binti yangu wa hadithi alijibu yote manne, mlango ukafunguka, akavunja chombo, maji ya mwanga yakamwagika baharini, na samaki waling'aa siku tatu. Kisha giza. Nikaandika "Mwisho" na kuipigia mstari.

Pale getini kuna mama anayeuza chai na mihogo ya kukaanga. Wikiendi alisaidiwa na binti yake, mwanafunzi wa kidato cha pili. Aliniona mara nyingi nimeegemea mti na kauntabuku.

"Kaka, kila siku unaandika. Barua ya mchumba haiishi?"

"Si barua."

"Nini?"

"Hadithi."

"Ya nani?"

"Ya mji wa chini ya bahari."

"Nipe nisome."

"Mwandiko mbaya."

"Mimi nasomaga mpaka mwandiko wa daktari, sembuse wako. Lete."

Nilimpa. Nilikuwa na miaka ishirini na hakuna mtu aliyewahi kuniomba nimpe kitu nilichokitengeneza mwenyewe. Alikaa nayo siku mbili, nami sikulala vizuri. Aliporudisha alisema alilia mahali ambapo binti anamwona mama yake ndani ya maji ya mwanga. Kisha akasema, bila kuficha, huku anafuta meza, "Nimepiga picha kurasa zote kwa simu ya mama. Rafiki yangu naye anataka."

Nimerudi kwenye dakika ile mara nyingi sana. Siku hiyo kurasa zangu zilikuwa kwenye simu moja. Moja tu, kama kwenye filamu. Simu yenyewe ilikuwa juu ya meza, karibu na birika, ningeweza kuinyooshea mkono. Nilikuwa nimeambiwa kwamba mtu amelia kwa ajili ya maneno yangu, na masikio yalikuwa yamepata moto.

Nilisema, "Haya."

Rafiki yake alikuwa kwenye kundi la simu la wapenda hadithi. Baada ya hapo sijui. Binti wa chai alinisomea sifa zilizokuja: wengine waliuliza sehemu ya pili iko wapi, mmoja alisema yale maswali ya mlangoni yamemsisimua, ameyakariri. Mwingine aliyatoa peke yake, bila hadithi, akayatuma kama mchezo: mtumie rafiki yako, asipojua jibu hapiti. Yalikwenda hivyo. Nilisikia sifa zile nikiwa nimeshika fyekeo, nikajiambia kwamba makundi hayo ni ya watu wa mbali.

Ilikuwa msimu wa kuokota korosho. Nilikuwa bombani nachota maji, mchana, watu wanatoka kuswali. Mjomba alikuja na njia yake ya kawaida, anachechemea, kofia mkononi. Mvulana mmoja wa miaka saba hivi, ambaye hajaingia jando, alipanda juu ya dumu lake la maji, akatanua mikono kuziba njia, na akamuuliza mjomba swali la kwanza.

Aliliuliza kwa Kiswahili changu, neno kwa neno.

Mjomba alisimama. Kabla hajasema kitu, msichana mdogo aliyembeba mdogo wake mgongoni alilijibu. Mvulana akauliza la pili, wakajibu wawili. La tatu wakalijibu wote kwa pamoja wakiruka, kama wimbo wa shule. La nne hawakulifikia kwa kucheka.

"Pita, mzee, umefaulu!" alipiga kelele yule wa juu ya dumu.

"Hajajibu, amebebwa!" alisema mwingine.

"Mmefundishwa na nani?" mjomba aliuliza. Aliuliza taratibu, kama anauliza njia.

"Ipo kwenye simu ya dada, babu. Ni hadithi. Ya mji wa chini ya bahari."

Ndoo yangu ilikuwa imejaa na maji yanapita juu. Mjomba aligeuza kichwa akanitazama. Alikuwa amenikuta mara nyingi uani nikiandika, na mara moja aliniuliza naandika nini, nami nilimwambia juu ya mji ule, kwa sababu alikuwa mmoja wa watu wachache niliowaambia vitu. Alinitazama kwa muda mfupi tu. Kisha akavaa kofia yake na kuendelea, na watoto wakampisha.

Alinisubiri kibarazani. Mama alikuwa shambani na mdogo wangu.

"Lete daftari."

Nililileta. Akaligeuzageuza, akapitisha kidole juu ya mistari asiyoweza kuisoma.

"Huu mkono ni wako?"

"Ndiyo, njomba."

"Soma."

Nilisoma. Nasoma polepole hata nilichoandika mwenyewe. Hakunikatiza. Nilisoma samaki, nilisoma nyumba za kioo, nilisoma mama ndani ya maji. Nilipofika mlangoni nikanyamaza.

"Soma, njomba. Watoto wameshasoma, mimi nikose?"

Nikasoma la kwanza na jibu lake. La pili. Nilipomaliza la tatu aliinua mkono.

"Rudia."

Nikarudia.

"Na anayejibu ni msichana?"

"Ndiyo."

Aliunyoosha mguu wake mbovu. Kisha akasema, "Hilo jibu umekosea."

"Nimekosea wapi?"

Nilimwona akifungua mdomo. Uso wake ulikuwa ule wa mlangoni, wa kumpa mtu neno la kuanzia. Midomo ilishaanza kuliumba. Halafu akaifunga.

"Endelea."

Nilisoma mpaka mwisho. Akauliza, "Akazifuta habari za mama yake?"

"Alizifuta."

"Zote?"

"Zote."

"Hadithi nzuri," alisema, akiinuka kwa kushika nguzo. "Ya uongo, lakini nzuri."

Asubuhi yake sikwenda kazini. Nilikwenda Mtwara mjini, kwa fundi simu mmoja karibu na stendi. Nilisimama pembeni mpaka wateja wakaisha.

"Nani ana tatizo, wewe au simu?"

"Nataka kufuta picha."

"Lete simu."

"Mimi sina simu."

"Zipo kwenye simu ya nani?"

"Sijui. Za watu."

Aliweka chini bisibisi. "Watu wangapi?"

"Sijui."

"Ni picha za utupu? Maana wanaokuja na uso huo huwa ni picha za utupu."

"Ni za daftari."

Alicheka mpaka jirani yake anayeuza vocha akauliza kuna nini. "Huyu bwana mdogo anataka nifute daftari lake kwenye simu za Watanzania wote." Kisha akaniona vizuri, akapunguza sauti. "Ndugu yangu, ukishatuma, imetoka. Hata ukizima mnara, kila mtu anayo yake mkononi. Ungeniletea ile simu ya kwanza siku ile ile, ningekufutia bure."

Filamu zote zile zilinidanganya kitu kimoja, na nilikijua nikiwa nimesimama pale mbele ya meza yake: zinasema siri ina nakala moja. Kwa hiyo mtu anaweza kukimbia nayo, anaweza kuivunja, na watu wakarudi nyumbani. Hakuna filamu niliyoiona ambayo shujaa anafika mwisho na kukuta siri iko mikononi mwa watoto bombani, wanairuka kamba.

Niliichoma kauntabuku nyuma ya jiko. Ilitoa moshi kama kitu kingine chochote.

Wazee watatu wa jando walikuja nyumbani siku ya Ijumaa. Niliwapelekea maji na mama akanikonyeza nikae jikoni, lakini jikoni kwetu ni makuti, kila kitu kinasikika.

"Tumeambiwa yametoka kijijini hapa," alisema mmoja.

"Yametoka kwangu," alisema mjomba. "Mimi ndiye mwenye mlango."

"Uliyasema kwa nani?"

"Nimesema yametoka kwangu."

Hawakumuuliza tena. Nilisubiri alitaje jina langu, nilitaka alitaje, na hakulitaja. Mimi nilikuwa hatua nane kutoka kwake na ningeweza kutoka nikasema. Miguu haikunyanyuka. Nimekuwa hivyo tangu utotoni, sauti yangu hainifikii ninapoihitaji, lakini siku ile siwezi kusema ni haya. Ilikuwa woga.

Mzee mwingine alisema wanaweza kubadilisha maswali. Wa kwanza akamjibu, "Nani atayabuni? Wewe? Haya hatukuyabuni sisi." Mwisho walikubaliana kwamba mwaka huu kambi haitajengwa. Watoto watapelekwa zahanati, wakishapona kila mzazi atawafanyia sherehe kwake. Mjomba ataalikwa.

"Utakaa mbele, mzee mwenzetu," walimwambia. "Utakula na sisi."

"Nitakula," alisema mjomba.

Mdogo wangu alikuwa miongoni mwa watoto wale. Alikuwa amesubiri mwaka mzima asimame mbele ya mjomba wake. Alirudi kutoka zahanati amevaa shuka ya mama, anatembea miguu mbali mbali, na siku ya tatu maumivu yalipopungua alikwenda kukaa karibu na mjomba kibarazani.

"Njomba, hutaniuliza?"

"Nikuulize nini? Kidonda kinauma?"

"Maswali. Nayajua yote manne."

Akayasema yote, maswali na majibu, haraka haraka, na la tatu alilisema kama nilivyoliandika mimi. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nasuka kamba upande wa pili na sikuinua macho.

"Kayajibu yote," alisema mjomba.

Ni maneno yale yale aliyoyasema kwa ajili yangu, ila safari hii hawakuwepo wanaume wa kuyasikia.

Sasa kijiji cha pili kutoka kwetu wamejenga kambi. Kijana mmoja wa huko anasimama mlangoni na simu mkononi, anauliza kwa kusoma. Nimeambiwa la tatu wanalikubali kama lilivyo kwenye simu. Niliwauliza wenzangu niliopita nao jando, mmoja mmoja, kwa kuzunguka, na wote walinijibu la kwenye simu. Hata mmoja wa wale wazee watatu, nilipompelekea mihogo. Alianza vizuri, akakwama, na alipotafuta neno la kuanzia akalikuta la kwangu. Hakujua kwamba amelibadilisha. Mimi mwenyewe nikijaribu kulikumbuka lile nililonong'ona sikioni mwa mjomba, nakuta mwandiko wangu.

Wiki iliyopita nilimwomba mjomba. Nilikaa karibu naye, nikasema, "Njomba, la tatu. Nieleze mimi tu."

"Ili uandike?"

"Sitaandika."

Aliutazama mguu wake. "Utaandika," alisema, bila hasira. "Huna mahali pengine pa kuweka vitu."

Siku hizi haendi bombani. Anapita njia ya nyuma, ile yenye miiba, na huko hakuna vijana wa baiskeli wa kumshukia. Kifua kinambana wakati wa baridi. Hana mpwa mwingine mkubwa isipokuwa mimi.

Wewe unayesoma, kama zimewahi kukufikia kurasa za daftari zenye mwandiko unaolala upande mmoja, kuhusu mji wa chini ya bahari, zifute. Najua fundi alivyosema. Zifute hata hivyo, kisha niandikie mstari mmoja kupitia kwa waliochapa kitabu hiki, waniletee. Na kama wewe ni mwanamume uliyewahi kusimamishwa kwenye mlango ule na mtu mwenye mguu mbovu, akakupa neno la kuanzia, na bado unalikumbuka jibu lenyewe, naomba usiliandike. Niandikie tu kwamba unalikumbuka, nikamwambie.